Siku kumi chini ya Nyang'oro kumfuata nondo wa nchi kame

Siku ya kwanza: Iringa mjini hadi Isimani

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi pale Miyomboni ukasema unatafuta nondo, utaulizwa ya milimita 10 au 12. Nondo wa safari hii ni mdudu, na wala si yule wa Mathayo 6:19 anayetoboa nguo sandukuni. Ni nondo wakubwa wa porini, upana wa kiganja kilichokunjuliwa, wanaoishi mahali ambapo kwa miezi sita au saba mti hauna jani.

Jangwa kamili Tanzania hatuna. Tulicho nacho ni ukanda mkavu ulio kisogoni mwa milima. Mawingu ya kutoka baharini hutua mzigo wao Kilolo na Mufindi. Yakifika Isimani, Izazi na Pawaga yamebaki kivuli tu. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, milimita kama 500 hadi 600 kwa mwaka. Iringa mjini ni mita 1,550 hivi juu ya usawa wa bahari, bwawa la Mtera ni karibu mita 700. Barabara ya Dodoma inakushusha tofauti hiyo yote kwa lami, asubuhi moja.

Vifaa vinakamilishwa mjini. Maduka ya Migori, kijiji kilicho karibu na bwawa la Mtera, yana sabuni, soda na betri za tochi. Ukisahau kitu kingine umekisahau.

Cha kwanza ni taa. Taa ya zebaki ya wati 125 huvuta wadudu kutoka mbali, lakini inataka balasti, kile kifaa cha kudhibiti umeme wa taa, balasti inataka jenereta, na jenereta inataka petroli. Kwa safari ya watu wachache mrija wa mwanga wa urujuanimno (UV) wa wati 15 unatosha, ukiunganishwa na betri ya volti 12. Kosa la wengi liko kwenye betri. Betri ndogo ya pikipiki ya ampea-saa 7 ina wati-saa 84 kwenye karatasi. Betri za asidi hazipendi kunywewa zaidi ya nusu, kwa hiyo una wati-saa 42, ambazo kwa mrija huo hazifiki hata saa tatu. Ukiwasha saa kumi na mbili na robo tatu jioni, saa tatu na nusu uko gizani, na nondo wakubwa ndio kwanza wanajinyoosha. Betri ya ampea-saa 18 inakupa wati-saa 108 salama, yaani saa saba. Ni nzito, lakini ichukueni hiyo.

Shuka liwe jeupe, la pamba, mita 2 kwa 2, lililofuliwa kwa sabuni ya unga. Sabuni hizo zina kemikali ya kung'arisha inayowaka chini ya urujuanimno, na shuka zima linageuka taa. Ongeza kamba, vigingi, trei kumi za mayai (nondo hupenda kujibanza kwenye vishimo vyake), mwiko wa bustani, maboksi ya plastiki yenye vifuniko vilivyotobolewa, neti ya chandarua, glavu za ngozi na selotepu. Selotepu itaeleweka kesho.

Karatasi nazo. Anayechukua vielelezo kwa utafiti anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, mambo ya wanyamapori yanapita TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kugusa kitu bila TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Anayepiga picha tu bado aanzie ofisi ya kijiji. Taa ya buluu inayowaka porini saa sita usiku, watu wameinamia shuka, kwa mtendaji asiye na taarifa haina tafsiri nzuri. Kamwene kwanza, yaani salamu ya Kihehe, shughuli baadaye.

Usiku wa Isimani ulikuwa wa kujaribu waya. Vijinondo vya kahawia, mende wachache. Hakuna cha kuandika.

Siku ya pili: kushuka Nyang'oro hadi Izazi

Mteremko wa Nyang'oro unabadilisha nchi. Juu kuna mashamba ya alizeti na mtama. Chini kuna mibuyu, migunga, na miti ya jamaa ya manemane, ile Commiphora ambayo gome lake hubanduka vipande vyembamba kama karatasi. Mwishoni mwa Novemba yote hii ni mifupa. Ukitazama kwa haraka utaapa hakuna mdudu hapa, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanafunga taa usiku mmoja, wanapata wadudu kumi, wanaandika kwamba eneo ni maskini. Nondo wa nchi kame anakuwa nondo kwa siku chache tu kwa mwaka. Muda mwingi uliobaki ni pupa, ile hatua ya kulala kati ya kiwavi na nondo mwenye mabawa, na pupa haji kwenye taa.

Kwa hiyo siku nzima ni ya kutazama matawi. Kwenye mgunga tafuta kifukofuko, yaani kifuko cha hariri anamolala pupa, cha nondo aitwaye Gonometa: kigumu, kijivu-kahawia, umbo la yai lililorefushwa, kimebanwa kando ya tawi. Cha jike ni kikubwa kuliko cha dume, wazi kabisa ukiviweka pamoja. Usikikamate kwa mkono mtupu. Kiwavi wake ana vinyweleo vinavyowasha, na anapofuma kifukofuko anavisuka nje, vimesimama kama mibigili midogo. Vaa glavu, na usijifute jasho la macho kwa glavu hiyo hiyo. Vinyweleo vikishaingia kwenye ngozi, usisugue maana unavivunja ndani. Bandika selotepu, bandua, rudia mara nne au tano kwa kipande kipya, kisha ndipo uoshe.

Kifukofuko kina weupe wa unga juu yake. Ni fuwele za kalsiamu oksaleti, na ndizo zinazofanya maji ya moto peke yake yashindwe kulegeza nyuzi. Hariri ni ya kweli. Kule Mwingi, Kenya, hariri ya nondo huyu imefanyiwa kazi kwa miaka, na nchi zinazozunguka Kalahari pia. Huko hukusanywa vifukofuko ambavyo nondo ameshatoka. Vina tundu, uzi umekatika, kwa hiyo haufunguliwi ukiwa uzi mmoja mrefu kama wa nondo wa mforosadi bali huchambuliwa na kusokotwa kama pamba.

Namna ya kujua kama kuna mtu nyumbani: tikisa karibu na sikio. Kikigonga kwa uzito, ndani kuna pupa hai. Kikichakacha kama njegere kavu, amekufa. Tundu kubwa kwenye ncha moja ni mlango wa nondo. Tundu dogo la mviringo safi ubavuni ni la nyigu aliyetaga ndani yake, au nzi, na jambo hilo ni la kawaida sana; usishangae mti mzima ukiwa wa matundu ya ubavuni.

Wafugaji wa ukanda huu wana sababu yao ya kuvijua. Botswana na Namibia imeandikwa kwamba ng'ombe na mbuzi wa kiangazi huvila wakidhani ni maganda ya mgunga. Hariri haimeng'enywi. Inajikusanya tumboni inakuwa kama mkeka, na mnyama anakufa kwa kuziba huku tumbo limejaa. Matawi ya mgunga yanayokatwa kulishia mifugo yakaguliwe kwanza.

Migunga hiyo hiyo ina vifuko vya vijiti vinavyoning'inia, vijiti vimepangwa sambamba utadhani mzigo wa kuni wa mtu mfupi. Ni kiwavi wa jamii ya Psychidae. Jike lake halipati mabawa maisha yote. Linabaki ndani ya mzigo wake, dume ndilo linalotafuta.

Siku ya tatu: kuchimba chini ya mjunju

Mjunju, Balanites aegyptiaca, ni mti wa miiba mirefu ya kijani unaoota kuanzia ukingo wa Sahara hadi kwetu. Viwavi wa Bunaea alcinoe, mmoja wa wale nondo wakubwa tunaowafuata, wanakula miti mingi, lakini kwenye nchi kavu mjunju ndio mti wa kuanzia. Hawafumi kifukofuko. Kiwavi akishiba mwishoni mwa masika anashuka shina, anatembea hatua chache, anajizika, anageuka pupa mtupu ndani ya kichumba cha udongo. Hapo anakaa hadi mvua nyingine.

Kabla ya jembe, mwenye shamba. Mazungumzo ya Izazi yalikwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Nimeambiwa mnataka kuchimba chini ya mjunju wangu. Mnatafuta rupia za Mjerumani?"

"Hapana mama. Tunatafuta wadudu wa viwavi vyeusi vile vya msimu, vyenye miiba myeupe na madoa mekundu ubavuni."

"Ah, vile. Vilimaliza majani yote. Chimbeni, ila mashimo myafukie, kuna ndama."

Anayechimba chini ya mti uliosimama peke yake, popote Iringa, ajue atafikiriwa anatafuta rupia, zile sarafu za Wajerumani zinazosemwa zilifukiwa. Mjue mwenye mti, mweleze, mwonyeshe pupa wa kwanza. Wasiwasi unaisha papo hapo.

Kuchimba kwenyewe: anza nusu mita kutoka shinani, nenda nje hadi ukingo wa kivuli cha matawi, upande ambao udongo ni tifutifu. Kwenye mfinyanzi uliopasuka usipoteze muda, kiwavi hawezi kupenya. Laza mwiko, usichome kwa ncha. Kwangua udongo tabaka la sentimita mbili mbili hadi kina cha kiganja. Mwiko uliochomwa wima hukata pupa katikati, na ndiyo ajali ya kila anayeanza. Ukihisi udongo umelegea ghafla umefika kwenye kichumba; weka mwiko chini, tumia vidole.

Pupa ni mweusi wa kahawia, kama kidole gumba, amepauka vumbi. Mshike katikati ya vidole viwili na umpashe joto la mkono kidogo: aliye hai atazungusha ncha ya tumbo. Aliye mwepesi kuliko anavyoonekana ameliwa ndani. Tazama pia sehemu za vipapasio zilizochorwa kwenye gamba upande wa mbele, mithili ya unyoya uliolazwa. Zikiwa pana ni dume, zikiwa nyembamba ni jike.

Walipatikana tisa, wanne wakiwa hai. Boksi lao liliwekwa udongo wa hapo hapo uliochanganywa na mchanga, kina cha vidole vitatu, na fimbo yenye gome la kukwaruza imeegeshwa hadi juu. Fimbo hiyo si pambo. Nondo akitoka ana mabawa madogo yaliyokunjamana kama majani ya chai, na lazima aning'inie ili damu iyasukume yafunguke. Akikosa pa kupanda, au boksi likiwa na kuta laini za kuteleza, yanakauka yakiwa yamejikunja, na hatoruka kamwe.

Taa usiku ule ilivuta mende wale wanaoviringisha mavi ya mbuzi, na sisimizi waliopanda kamba kuja kula kilichokufa. Paka mafuta ya mgando sehemu ya kamba kila upande wa shuka, hiyo inawazuia. Tochi ndogo ya urujuanimno itumike kukagua chini ya viti: nge hung'aa kijani chini ya mwanga huo, na taa yenye wadudu ni meza yao ya chakula. Walikuwepo wawili.

Siku ya nne: mvua, na kumbikumbi

Saa tisa alasiri upepo ukageuka, harufu ya udongo ikatangulia, ikanyesha kama dakika arobaini.

Usiku wa mvua ya kwanza una shida moja kubwa, nayo ni kumbikumbi. Wanatoka kuanzia machweo kwa maelfu, wanafunika shuka, wanaangusha mabawa kila mahali, na chura na mijusi wanakuja kula pamoja nao. Usipambane. Zima taa ya shuka, weka karai la maji na tochi ya kawaida mita 20 pembeni, waache waende huko. Ndani ya saa mbili wamekwisha, na watoto wa jirani watakuwa wameshabeba karai kwenda kukaanga. Hapo ndipo uwashe upya.

Ukitumia taa ya zebaki, iwekee kofia ya bati. Tone moja la mvua likigusa kioo chenye moto, kinapasuka, na vipande havichagui macho.

Baada ya saa nne usiku walikuja nondo wa jamii ya Sphingidae, wenye miili ya risasi, wanaoelea mbele ya ua kama ndege chozi: Hippotion celerio na Agrius convolvuli. Hawa wana midomo mirefu na husafiri mbali kufuata maua. Mibuyu yenye maua meupe yanayofunguka jioni huwavuta, ingawa kwa mbuyu mchavushaji mkuu ni popo. Walikuja pia nondo wadogo wa kijivu wa viwavijeshi, Spodoptera exempta. Upepo wa mvua huwabeba na kuwamwaga pamoja mahali pamoja, ndiyo maana mlipuko hutokea shamba moja na jirani akabaki salama. Ukiona wengi kwenye shuka, mwambie bwana shamba wa kata asubuhi hiyo hiyo, kabla mayai hayajaanguliwa.

Bunaea hakuna hata mmoja. Wengi hutegemea waje usiku huo huo na wanakata tamaa. Maji yanamfikia pupa chini ya ardhi taratibu, mwili unajenga nondo, na kazi hiyo huchukua siku.

Siku ya tano hadi ya nane: Migori

Kambi ilihamia Migori kungoja. Karibu na bwawa la Mtera shuka lisifungwe ufukweni wala kwenye vichochoro vya majani yaliyolala: hizo ni njia za viboko kutoka malishoni, na kiboko hakwepi taa.

Migunga ilianza kuchipua siku ya sita. Boksi la pupa lilinyunyiziwa maji kwa ncha za vidole kila jioni, udongo uwe na unyevu wa kushikamana, usitoe maji ukiukamua. Kuzidisha kunaleta ukungu, na pupa wenye ukungu huoza kimya kimya. Mmoja alipotea hivyo.

Kwenye mng'ongo mmoja kilionekana kifukofuko cha nondo mwingine mkubwa, Argema mimosae, rangi ya fedha iliyochakaa, kimetobolewa vitundu vidogo kila upande kama kichungio. Kilikuwa kimeshaachwa. Nondo wake ni wa kijani-njano mwenye mikia mirefu, na mikia hiyo inapozunguka hewani humfanya popo aume mkia badala ya mwili. Jambo hilo limepimwa kwa nondo wa jamaa yake wa Marekani.

Siku ya tisa: Izazi, usiku bila taa

Magharibi ya siku ya tisa, udongo wa boksi ukapasuka. Gamba la pupa lilifunguka mgongoni, akatoka mnyama mwenye manyoya mazito mekundu ya matofali, mabawa kama vitambaa vilivyolowa. Alitembea kwenye udongo akigonga kuta, akaipata fimbo, akapanda hadi juu kabisa, akageuka akaning'inia. Kwa dakika tano hakikutokea kitu. Kisha mabawa yakaanza kushuka, kwanza yakiwa na mikunjo, halafu yakinyooka kutoka kwenye bega kwenda ukingoni, na jicho la rangi ya chungwa la bawa la nyuma likafunguka pole pole kutoka doa dogo hadi ukubwa wa sarafu. Nusu saa. Akadondosha tone la uchafu wa kahawia, takataka ya miezi yote ya kulala. Yalikuwa bado laini. Hadi yakauke ni saa mbili au zaidi, na anayegusa kabla ya hapo anaacha alama ya kidole milele.

Vipapasio vyembamba: jike. Hana mdomo wa kulia. Mafuta aliyoyajaza akiwa kiwavi ndiyo chakula chake chote, siku chache tu.

Taa haikuwashwa. Jike aliwekwa ndani ya kizimba cha chandarua, upana wa sentimita 40, kikafungwa kwenye tawi la mjunju ule ule, upande upepo unakotokea. Matundu ya neti yawe makubwa kiasi cha kuruhusu harufu lakini madogo kiasi cha kuzuia popo. Jike hutoa harufu kutoka ncha ya tumbo, na dume huipokea kwa vipapasio vyake vilivyochanuka kama unyoya. Ukiweka kizimba kwenye bonde lisilo na upepo, harufu inatuama na huoni dume. Ukitia mkononi dawa ya mbu kisha ukashika neti, umeharibu usiku.

Saa saba kasoro usiku dume wa kwanza alifika akiruka kinyume cha upepo, akikata kushoto na kulia, akagonga neti. Baada yake watatu. Mlango ukafunguliwa mmoja akaingia, wakaungana, na tochi ikazimwa.

Siku ya kumi: kufukia mashimo

Asubuhi jike alikuwa tayari ametaga shada la mayai meupe kwenye neti. Kipande hicho cha neti kilikatwa na kufungwa kwenye tawi changa la mjunju, kivulini, juu ya urefu wa mbuzi. Jike mwenyewe aliachwa kwenye shina upande wa magharibi, mbali na jua la asubuhi na kuku.

Pupa wawili waliobaki walirudishwa udongoni, kina cha kiganja, kichwa kimeelekea juu, udongo ukarudishwa bila kukanyagwa. Kukanyaga kunaufanya juu kuwa ganda, na nondo dhaifu hulishindwa. Mashimo mengine yalishindiliwa kwa ajili ya ndama.

Vielelezo vichache vilivyoruhusiwa na kibali vilikunjwa kwenye bahasha za pembetatu, mabawa yamekutana mgongoni, kila bahasha na kijiji, tarehe, saa na mti. Boksi lao lilifungwa na naftalini, kwa kuwa mende wadogo wanaokula ngozi kavu hawachukui wiki mbili kugeuza nondo kuwa unga.

Kabla gari halijaanza kupanda Nyang'oro, mama mwenye shamba aliuliza kama viwavi vitakavyoanguliwa vitavuka kwenda kwenye mahindi yake, maana alikuwa na dawa nusu chupa ndani. Alijibiwa kwamba hivi havili mahindi wala mtama. Vitamaliza majani ya mjunju, mjunju utachipua tena, na miiba yao haiwashi. Dawa aiweke kwa ajili ya viwavijeshi, wale wa kijani na weusi wenye mistari kwenye mabua.